Mgongo wa Kioo

Radi zilipoanza kunguruma juu ya mapori ya Rungwa, bibi yangu aliacha kila alichokuwa akifanya, akaingia chumbani, akakigeuza kioo chake kitazame ukuta. Hakuwa peke yake. Kijijini wengine walivifunika vioo vyao kwa kanga, wengine wakavilaza kitandani kifudifudi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Kioo huita radi, walisema wakubwa, na sisi watoto hatukuwa na sababu ya kubisha. Kwa hiyo uso wa kioo kile niliuona siku za jua, na mgongo wake niliuona siku za mvua. Karatasi ngumu iliyokuwa imeufunika ilikwisha kuliwa na mchwa kabla sijapata akili, na mgongo ulikuwa mtupu: umepakwa rangi ya udongo mwekundu, isiyong'aa, yenye michirizi ya brashi ya fundi ambaye hakutegemea mtu aje kuitazama kazi yake upande huo.

Nimekuwa nikiufikiria mgongo huo kwa zaidi ya miaka thelathini. Ninaandika leo si kwa sababu nimefika mahali pa kusema nimeuelewa, bali kwa sababu kila ninapodhani nimemalizana nao, unarudi.

Rungwa iko kusini mwa mkoa wa Singida, kwenye barabara inayotoka Itigi, inakatiza mapori, inashuka hadi Makongolosi na Chunya, kisha Mbeya. Ni nchi ya Wakimbu, nchi ya asali, ya mizinga ya magome inayoning'inia juu ya miyombo, na ya ndorobo wanaomfuata msafiri wa baiskeli hadi akate tamaa. Pori la akiba lipo pale tangu mwaka 1946, na ni kutoka ubavuni mwake ndipo ilipokatwa Hifadhi ya Ruaha mwaka 1964. Vitu vya dukani vilitufikia kwa lori, na katikati ya miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto, lori lenyewe likifika lilikuwa na vitu vichache sana. Sabuni ilikuwa habari. Sukari ilikuwa habari kubwa zaidi. Kioo hakikuwamo kabisa katika mazungumzo. Aliyekuwa nacho alikuwa nacho tangu zamani, na asiyekuwa nacho alijitazama kwenye maji ya ndoo au kwenye macho ya jirani.

Cha bibi kilikuwa na ukubwa wa daftari, fremu yake ya bati iliyokunjwa pembeni, na waya wa kutundikia. Alikinunua Itigi kwa fedha za nta na asali, miaka mingi kabla sijazaliwa. Asubuhi alikitundika kwenye mti wa dirisha, akachana nywele, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akajitazama mara moja tu, haraka, kama anayehakikisha kuwa mtu fulani bado yupo. Kisha akaenda shambani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yote ya kioo kile.

Nilikuwa na miaka tisa mwalimu alipotufundisha habari za mwanga. Alisema kioo cha kujitazamia si kigae tu kama cha dirisha; nyuma yake kimepakwa fedha, na fedha hiyo ndiyo inayourudisha mwanga. Sikumbuki kingine alichosema siku ile. Lugha yetu imeyaunganisha mambo mawili katika neno hilo moja: fedha ya kufulia bangili na fedha ya kununulia chumvi. Na si lugha tu. Pwani kote, kwa miaka mingi, masonara waliziyeyusha zile reale za Maria Theresa, zenye picha ya malkia na mwaka 1780, wakazifua kuwa vikuku na mitali. Sarafu iliingia motoni ikatoka pambo, na siku ya shida pambo likapimwa na kurudi kuwa mali. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua jambo moja tu: kwamba nyumbani kwetu, nyuma ya kioo cha bibi, kuna fedha, na kwamba mimi nataka raba nyeupe kama za mtoto wa mganga wa zahanati.

Ilikuwa mchana wa mvua. Bibi alikigeuza kioo, akatoka, mvua ikamkuta kwa jirani. Nilichukua msumari.

Rangi nyekundu ilitoka kwanza, ikadondoka kama magamba ya samaki. Chini yake palikuwa na ngozi nyembamba mno ya rangi ya shaba. Nilipoikwangua hiyo ndipo nilipoona kitu kinang'aa, na moyo ukanipasuka kwa furaha, lakini kiling'aa kwa muda ule ule wa msumari kukigusa; kikageuka vumbi la kijivu, kidogo kuliko ugoro wa kubana kwa vidole viwili. Nililikusanya kwenye karatasi ya daftari. Nikaendelea kukwangua, nikitumaini kwamba fedha yenyewe imejificha mbele kidogo. Nilipokuja kuacha, palikuwa na shimo la ukubwa wa sarafu ya shilingi, na nilipokigeuza kioo kujitazama niliona paji la uso wangu, kidevu changu, na katikati, mahali pa pua na jicho moja, nikaona kidole changu mwenyewe kilichokuwa kimekishika kwa nyuma.

Bibi aliporudi nilimwambia ni panya.

Alikitazama kioo kwa muda mrefu. Akapitisha kidole chake gumba ukingoni mwa shimo. Bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao, na yeye hakuwahi kuniita jina lingine. "Basi, mume wangu," alisema, "panya wa nyumba hii amenifungulia dirisha." Akakitundika mahali pake. Kuanzia hapo alijifunza kujitazama kwa kusogea: kidogo kulia aone jicho hili, kidogo kushoto aone jicho lile. Sikumwona akijiona wote tena. Na mara moja moja, akiwa na furaha, akinigawia ukoko wa ugali au sega la asali, aliniita "panya wangu." Nililipokea jina hilo kama mapenzi tu. Ilinichukua miaka kama ishirini kulisikia lilivyokuwa likisemwa.

Nilipopata kazi, mshahara wa kwanza uliobaki mkononi niliununulia kioo. Nilikinunua Dodoma, kikubwa, chenye fremu ya rangi ya fedha iliyopindwapindwa kama mizabibu, na nikakisafirisha hadi Rungwa nimekipakata miguuni, siku mbili, nimekizungushia blanketi. Safari nzima niliwaza uso wa bibi atakapokiona. Sitasema kwamba nia yangu ilikuwa mbaya. Lakini sasa nikiitazama safari ile naona kwamba katika saa zote hizo za vumbi sikupanga hata sentensi moja ya kumwambia kuhusu msumari. Nilipanga jinsi ya kukifungua kioo. Nilipanga pa kukitundika.

Alinishukuru sana. Alipiga vigelegele, akawaita majirani. Kioo kilitundikwa sebuleni, na mgeni yeyote aliyeingia alioneshwa. Asubuhi yake nilimkuta dirishani, amesimama mbele ya kile cha zamani, anasogea kulia, anasogea kushoto. Nilimuuliza kwa nini hatumii kipya. Akasema kipya ni cha watu. Niliumia. Nilirudi Dodoma nikiwa na kinyongo kidogo, kile kinyongo cha mtu aliyetoa kitu cha gharama na hakikupokelewa kwa bei aliyokipa yeye. Baada ya hapo nilimtumia fedha mara nyingi, na kumtembelea mara chache. Akafariki mwaka ambao nilikuwa mbali kikazi, na mvua ilikuwa imekata barabara, nikafika siku ya tatu baada ya mazishi.

Kuna mambo ambayo mtu hayaelewi mahali yalipotokea. Mimi hili la kioo lilinianza upya London, nilikopelekwa kwa mafunzo ya miezi michache. Siku za mapumziko nilikuwa nikienda makumbusho ya Victoria na Albert, kwa sababu kuingia ni bure na ndani kuna joto. Humo nilikiona kioo cha fedha cha mezani, mojawapo ya vyombo vya seti ya kujipambia inayoitwa Calverley, kazi ya sonara William Fowle wa London, ya mwaka 1683 hadi 1684. Kipo pamoja na visanduku, visahani na vichupa vyake. Seti za namna hiyo zilikuwa zawadi za harusi katika nyumba kubwa, na bibi wa nyumba alivaa na kuchanwa nywele mbele ya wageni, kwa hiyo kioo chake kilikuwa kama kiti cha enzi: hakikuwepo kwa ajili ya kumwonesha yeye sura yake tu, bali pia kwa ajili ya kuwaonesha wengine yeye ni nani.

Nilisimama pale muda mrefu. Fedha imetuna pande zote: majani yaliyojikunjakunja, sura za watu wa hadithi za kale, kila kitu kinaonekana kama kinataka kutoka kwenye bamba. Nilijua kidogo jinsi kazi hiyo inavyofanywa, maana nimewaona masonara wetu. Sonara hulilaza bamba la fedha kifudifudi juu ya lami, akaligonga mgongoni kwa nyundo na patasi butu, polepole, na kila kinachotuna mbele ni kovu la pigo la nyuma. Kisha hulipindua akanyoosha na kuchora kwa mbele. Anayetazama huona ua. Ukiligeuza bamba utaona mashimo.

Sasa jambo lililonikalisha chini ni hili. Katika siku za Fowle, kioo cha kujitazamia hakikuwa kinapakwa fedha kabisa. Mafundi walitandaza karatasi nyembamba ya bati juu ya meza, wakaimwagia zebaki, wakatelezesha kigae juu yake, wakakilemea kwa mawe, wakakiacha majuma kadhaa hadi zebaki iliyozidi ichuruzike. Bati na zebaki ndivyo vilivyoshika sura za watu kwa zaidi ya miaka mia tatu. Mafundi wa kazi hiyo, kama wale wa mji wa Fürth huko Ujerumani, walitetemeka mikono na kupotewa na meno kabla ya uzee. Ni mwaka 1835 ndipo mkemia Justus von Liebig alipoonesha namna ya kuifanya fedha iliyoyeyushwa katika maji ya dawa itue juu ya kigae na kuwa utando unaong'aa, na ikachukua miaka mingi zaidi njia hiyo kuenea viwandani. Utando wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja unauzidi unene karibu mara 1,000. Juu yake hupakwa shaba kuulinda, na juu ya shaba hupakwa rangi.

Shaba, kisha rangi. Nilipoyasoma hayo mkono wangu ulikumbuka kabla ya kichwa: magamba mekundu, ngozi ya rangi ya shaba, na ule mng'aro wa kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo kioo cha jumba la kifahari kilikuwa na fedha kila mahali isipokuwa mahali pa kuonea. Na kile cha bibi yangu, chenye fremu ya bati, kilichonunuliwa Itigi kwa nta, kilikuwa na fedha mahali pamoja tu, mgongoni, chini ya rangi ya udongo, na kidogo kiasi kwamba mtoto mwenye msumari hakuweza kuijaza hata pembe ya karatasi. Mwalimu wangu alisema kweli. Mimi ndiye niliyesikia vibaya. Nilidhani fedha ile imefichwa pale kama akiba, kumbe ilikuwa pale kama kazi. Ukiitoa mahali pake haigeuki kuwa mali ya mtu, haiwi chochote.

Nilitoka mle ndani jioni nikitembea kwa miguu hadi nilikokuwa nimepanga, nikiwaza kile kioo cha Dodoma. Fremu yake ilikuwa kama hii ya makumbusho, kwa kadiri ya mshahara wangu. Nilimpelekea bibi fremu. Kilichotakiwa kilikuwa kitu chembamba sana, maneno mawili matatu, "Bibi, si panya, ni mimi," yanayokaa mahali ambapo mgeni wa sebuleni hayaoni. Hayo sikuyapeleka. Nilitaka kulipa bila kukiri, na nilikasirika alipokipokea kile nilichompa kama kilivyokuwa: cha watu.

Natamani ningeweza kusema kwamba kuanzia siku hiyo nilibadilika. Haikuwa hivyo. Mtu akigundua kosa lake, mara nyingi hatua inayofuata ni kulitafutia kosa kubwa zaidi la mtu mwingine la kulifunikia.

Baada ya kurudi nyumbani nilipata safari ya kikazi kwenda Unguja, na nikaingia kwenye makumbusho ya kasri, Beit al-Sahel, ambako kulikuwa na chumba kilichotengwa kwa kumbukumbu ya Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kinaeleza nyumba za utotoni mwake, na vioo vikubwa vilivyoagizwa kutoka Ulaya vikapangwa ukutani. Nilianza kupiga hesabu. Vioo vile vilinunuliwa kwa nini? Kwa karafuu, na kwa pembe za ndovu. Na pembe zilitoka wapi? Zilitoka bara, na sehemu yake ilitoka Ukimbu, mapori yale yale ya kwetu, ambako katika miaka ya 1870 mtemi Nyungu ya Mawe na wapiganaji wake, rugaruga, walijenga utawala uliosimama kwa kiasi kikubwa juu ya biashara ya pembe, hadi alipofariki mwaka 1884. Pembe zilishuka Pwani juu ya mabega ya wapagazi, mwendo wa miezi, na baadhi ya wapagazi hao walikuwa watumwa ambao hawakurudi. Pembe inakwenda, kioo kinakuja. Nyuma ya kila uso uliotabasamu katika kasri lile kulikuwa na mgongo wa mtu.

Hayo yote ni kweli, na yanastahili kusemwa, na kusemwa tena. Nayajua kwa karibu kidogo, maana utotoni mwangu biashara ile ile ilikuwa imerudi kwa bunduki nyingine. Nakumbuka Operesheni Uhai ya mwaka 1989, magari ya askari yakipita kijijini kwenda kuwasaka majangili, na mwaka huo huo nchi yetu ikiwa miongoni mwa zilizopigania biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani. Lakini nikiwa nimesimama pale kasrini, hasira imenipanda, ya haki na tamu, niliona jambo ambalo halikunifurahisha. Nilikuwa nakwangua tena. Nilikuwa na msumari mkononi, naukwangua mgongo wa kioo cha watu waliokufa zamani, natafuta fedha iliyofichwa, na kazi hiyo ilinipa nafuu. Kumhukumu sultani ni kwepesi kuliko kumwambia bibi yako ukweli. Sultani hana ukoko wa ugali wa kukugawia.

Sijui kama nimeiweka sawa. Nisingependa mtu anielewe kwamba makosa ya nyumbani yanafuta makosa ya historia, au kwamba asiye safi asiseme. Tukisubiri wasafi, wapagazi wale hawatapata msemaji hadi mwisho wa dunia. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kwamba mimi, mtu mmoja, niliutumia ukweli mkubwa kama kanga ya kufunikia kioo kidogo, radi ikiwa karibu. Na haikuwa mara moja tu. Nina kaka aliyefanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Chunya. Alikuwa akichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha anaichoma kwenye sufuria hadi zebaki ipae na dhahabu ibaki. Kwa miaka mingi nilimhubiria habari za sumu hiyo kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Aliniambia siku moja, bila ukali, "Ndugu yangu, ukija nitakuonesha mikono, uache kunisomea." Sikuwahi kwenda kuiona. Nilipokumbuka mafundi wa Fürth na mikono yao ndipo nilipompigia kumuuliza mikono yake ikoje. Alinyamaza kidogo. Akasema kikombe cha chai siku hizi anakishika kwa mikono miwili.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, nilikwenda Rungwa. Sikwenda na zawadi, na hilo peke yake lilinipa shida kubwa, maana sijui kuingia nyumbani mikono mitupu. Mama mdogo ndiye anayekaa kwenye kiwanja cha bibi sasa. Alinipokea mzigo wangu mdogo, akanipa kigoda, akanipa maji, tukaulizana habari za wote walio hai na kuwataja waliotangulia. Ile nyumba ya udongo haipo tena. Kuna ya matofali, na bati. Kioo cha Dodoma kipo sebuleni bado. Fremu yake imechubuka, na ile rangi ya fedha ikitoka inaonesha plastiki nyeusi.

Nikamuuliza kile cha zamani. Akasema kipo, bibi alimwachia, akaingia ndani akatoka nacho kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Itigi, na yote yalipotea. Nilisema tu kwamba shimo lile si la panya, ilikuwa ni mimi, nilikuwa natafuta fedha ya kununua raba. Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo tulilijua wote. Karatasi yenye lile vumbi aliikuta chini ya mkeka wako jioni ile ile." Nikamuuliza kwa nini bibi hakuniambia. Akafikiri. "Alikuwa akikungoja," akasema. Kisha, kama anayeona neno hilo limekuwa zito kuliko alivyokusudia, akaongeza, "Au labda alisahau. Watu wazima wana mengi."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi, na siwezi kuamua ni lipi kati ya hayo mawili lililo jepesi kulibeba. Kama alinisubiri, nilimwacha asubiri hadi kaburini. Kama alisahau, basi kitu nilichokibeba maisha yangu yote hakikuwa na mwenyewe upande wa pili. Siku nyingine naamini la kwanza, siku nyingine la pili. Kuna siku naona kwamba lile jina, panya wangu, lilikuwa ni mlango ameuacha wazi, na siku nyingine naona kwamba lilikuwa ni msamaha uliokwisha kutolewa, na mimi ndiye niliyekuwa nikisubiri kitu ambacho nilikwisha kupewa pamoja na sega la asali.

Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa porini. Mama mdogo alikifungua kioo kutoka kwenye kanga akakisimamisha mbele yangu, amekishika kwa mikono miwili, ili nikione kabla hajakirudisha ndani. Shimo limekua. Pale nilipokwangua, unyevu umeingia miaka yote hiyo, na weusi umetambaa kutoka ukingoni kama wino kwenye karatasi, na sehemu nyingine rangi ya nyuma imebanduka yenyewe. Niliinama kujitazama. Niliona paji la uso, nywele zimeanza mvi. Niliona kidevu. Katikati, mahali pa pua na macho yote mawili, nilimwona mama mdogo: vidole vyake vilivyokikamata kioo kwa nyuma, kucha zenye udongo wa shamba, na pindo la kanga yake.

"Umejiona?" akauliza kutoka nyuma ya kioo.

Nikamwambia ninamwona yeye.

"Basi sogea kidogo," akasema. Nikasogea.